Mimi, Nyuma ya Risiti

Nyumbani kwetu "mimi" haikukaribishwa mezani.
Kwa mama nilijiita mtoto: mtoto ameshiba, mtoto anakwenda kulala.
Kwa kaka Luong nilikuwa mdogo: mdogo hakuiba pipi.
Kwa wazee wa sokoni, waliotoka Hai Phong na mabunda ya soksi,
mjukuu: mjukuu anawaamkia.
Kivietinamu hukupa kiti kabla hakijakupa jina,
na kila kiti kimeegemea mgongo wa mtu.

Shuleni, hapo Cheb, mpakani na Ujerumani,
mwalimu alijaribu Khue mara mbili, ulimi ukamteleza,
akaandika Kveta.
Baba aliniita kwa nyota. Mwalimu akaniita kwa haraka.
Bibi Vlasta, aliyelipwa kunilea mama akiwa kibandani,
naye akashika hilohilo. Kveta, kunywa supu. Kveta, vaa kofia.
Nikanywa. Nikavaa.

Tuliuza soksi, vinyago vya mbilikimo wa bustani,
sigara chini ya meza,
na CD za kunakili, majalada yamepauka kama yamefuliwa.
Moja ilipasuka kasha.
"Haiuziki," mama akasema, akanitupia.

Maneno sikuyajua. Mdundo niliujua:
mtu anapanda ngazi usiku
wala hanyati.
Na kuna neno lilirudi, likarudi,
fupi, kama ulimi usioacha kugusa jino bovu.
Nikalipeleka kwa Geiza, ghorofa ya tatu.
"Hilo? Anasema mimi."
Wimbo mzima?
"Wimbo mzima."
Mtu anajitaja mara arobaini
na hakuna shangazi wa kumkanya!

Geiza alikuwa Mroma.
Dukani mlinzi alimfuata toka maziwa hadi sabuni;
mimi alinifuata nusu ya njia, kisha akachoka.
Tulilicheka jambo hilo. Halikuchekesha.
Jioni tulisimama chini ya masanduku ya barua
ambako zege hurudisha sauti ikiwa imenenepa,
yeye kiganja mdomoni, ngoma na mate,
mimi nikisoma nyuma ya risiti,
kwa Kicheki cha vina vya kulazimisha:

    Mimi ni Khue, si Kveta,
    soksi ndizo tunaleta,
    baridi yanipepeta,
    na bado mimi nateta.

Ubeti wa pili sikuwa nao.
Kwenye ukumbi wa vijana, mbele ya watu kumi na wanne na mbwa,
niliurudia wa kwanza mara tatu.
Kijana mmoja alivuta pembe za macho yake kwa vidole.
Nikausema mara ya nne, nikimtazama yeye.

Mama aliikuta risiti mfukoni mwa suruali, siku ya kufua.
Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno,
kama anayekagua noti.
"Huyu mimi," akauliza, "ni nani?"
Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa na jibu.
"Ni mtoto," nikasema.

Sikuwa msanii. Nakagua hesabu za kiwanda cha vigae,
na kwenye mikutano, wakubwa wanapoanza kunirukia,
mguu wangu unagonga chini ya meza, mara nne,
kisha ninaingia.
Geiza anaendesha lori huko Norwe. Hana maneno ya kutuma:
hunitumia ngoma ya usukani, sekunde ishirini, na upepo.

Mwaka jana mama alifunga kibanda.
Siku ya mwisho mzee mmoja wa ng'ambo ya mpaka
alishika jozi kumi za sufu, akataka bei ya saba.
Nikafungua kinywa nimtafsirie.
Mama akanyoosha mkono mbele yangu, kama kizuizi cha reli.
"Mimi," akasema kwa Kicheki, mtoto wa watu huyu,
mke wa mtu, mama wa watu,
"mimi sipunguzi."

Mzee akalipa.
Mama akahesabu chenji mara mbili,
midomo ikichezacheza, bila sauti.